Kumtambua Mkosaji Miongoni mwa Wafananao

Ewe kijana msomaji, fikiri kwamba umeketi barazani pamoja na wazee, na mbele yenu wameletwa ndugu wawili mapacha. Usiku uliopita mmoja wao alionekana akitoka katika ghala ya jirani na gunia la mahindi begani. Shahidi aliyemwona hana shaka na sura ile, walakini sura ni ya wote wawili. Mmoja ni mwizi. Wa pili alikuwa amelala kwao. Mtafanyaje? Mkiwafunga wote wawili, mtamdhulumu asiye na hatia. Mkiwaachilia wote wawili, ghala itaibwa tena. Wako watu ambao wangekata shauri upesi kwa methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ina mahali pake, lakini mahali pake si katika baraza la hukumu.

Historia ninayotaka kukusimulia ni ya shauri la namna hiyo. Baraza lake lilikuwa maabara, washtakiwa wake walikuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na mlalamikaji alikuwa mfugaji wa nguruwe. Shauri lilianza kuandikwa mwaka 1921, na hata leo halijafungwa kabisa. Nimelichagua kwa sababu linaonyesha, kuliko mashauri mengi niyajuayo, jinsi binadamu walivyojifunza kutoridhika na sura ya kitu, wakaanza kukiuliza asili yake.

Mwaka huo wa 1921 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana huko Marekani, majina yao Whiting, Doyle na Spray, walitoa taarifa juu ya maradhi yaliyokuwa yakiwasumbua wafugaji. Nguruwe walioachishwa kunyonya, waliokuwa wakinenepa vyema, walianza kuhara. Kwanza kinyesi kilikuwa chepesi, kisha kikachanganyika na ute, na mwisho na damu. Baadhi yao walikufa. Waliopona walidhoofu, wakala chakula kingi bila kuongeza uzito. Indiana ni nchi ya mahindi, na mfugaji wa huko huyageuza mahindi yake kuwa nyama kwa kuwalisha nguruwe. Basi kwake nguruwe asiyenenepa ni mavuno yaliyopotea, sawasawa na mahindi yaliyoliwa na panya ghalani.

Wataalamu wale walifanya jambo la busara. Walichukua vitu vilivyotoka katika utumbo mpana wa nguruwe wagonjwa, wakawalisha nguruwe wazima, na wazima nao wakaugua. Kwa hiyo ilijulikana kwamba maradhi yale hayakuletwa na baridi wala na chakula kibovu; yalikuwa maradhi ya kuambukiza. Mkosaji alikuwamo ndani ya utumbo. Lakini alikuwa nani? Utumbo wa nguruwe, kama utumbo wako na wangu, ni mji mkubwa wenye vijidudu vya aina nyingi mno, na wengi wa wakazi wake ni raia wema wanaosaidia kusaga chakula. Kumtafuta mwovu mmoja humo ni kama kumtafuta mwizi sokoni siku ya gulio.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 1944 Doyle alitangaza kwamba amemwona mtuhumiwa, kijidudu kilichopinda kama mkato wa maandishi, cha jamii iliyoitwa Vibrio. Alikikuta katika utumbo wa nguruwe wagonjwa, na wengi wakaamini kwamba shauri limekwisha. Lakini vijidudu vile vilipooteshwa peke yao na kupewa nguruwe wazima, maradhi hayakutokea kwa namna ya kuaminika. Tena baadaye vilionekana kwa wingi hata katika nguruwe wasio na ugonjwa wowote. Zingatia neno hili, msomaji: kuonekana mahali palipotendwa uovu si sawa na kuutenda. Vijidudu vile vilikuwa wapita njia tu.

Sheria ya kuamua mambo kama haya ilikuwapo tayari. Iliwekwa katika miaka ya 1880 na Robert Koch, mtaalamu wa Ujerumani, yule yule aliyekuja Afrika ya Mashariki mwaka 1906 kuchunguza maradhi ya malale kando ya Ziwa Victoria. Kwa ufupi sheria yake ni hii. Kwanza, kijidudu kinachotuhumiwa sharti kionekane kwa kila mgonjwa. Pili, kitolewe na kuoteshwa peke yake, bila kuchanganyika na kingine. Tatu, kikitiwa katika mnyama mzima kilete maradhi yale yale. Nne, kipatikane tena katika mnyama huyo aliyeugua. Vibrio ilishindwa katika sharti la tatu.

Mkosaji wa kweli alichelewa kupatikana kwa sababu alikuwa mgumu wa kukamata. Ni kijidudu chembamba kilichojisokota kama kizibuo cha chupa. Urefu wake ni takriban moja ya mia ya milimita. Huenda kwa kujinyonganyonga ndani ya ute wa utumbo mpana, mahali pasipo na hewa, na kikitolewa nje kwenye hewa ya kawaida hakistawi. Wataalamu walioacha sahani zao wazi mezani hawakuweza kukiotesha kamwe. Mwaka 1971 Taylor na Alexander wa Uingereza waliwalisha nguruwe vijidudu vya namna hiyo walivyoviotesha bila hewa, na nguruwe wakahara damu. Mwaka uliofuata Harris na wenzake, katika jimbo la Iowa, Marekani, wakatimiza kazi ile kwa vijidudu vilivyotengwa safi, wakakipa kijidudu jina la Treponema hyodysenteriae, maana yake kwa ufupi ni kijidudu kinacholeta kuhara damu kwa nguruwe. Tangu taarifa ile ya Purdue ilikuwa imepita miaka 50 na zaidi.

Je, hapo shauri lilikwisha? La, msomaji wangu. Hapo ndipo pacha alipotokea.

Watu walipoanza kutazama kinyesi cha nguruwe kwa hadubini, waliona vijidudu vilivyojisokota katika makundi ambayo hayakuwa na ugonjwa hata kidogo. Kwa macho vilifanana na mkosaji kama sarafu mbili za thamani moja. Sasa fikiri hali ya mfugaji. Daktari wa mifugo anakuja, anachukua kinyesi, anatazama, anaona kijidudu kilichojisokota. Je, amwambie mfugaji atibu kundi lote kwa dawa za gharama? Amwambie awachinje nguruwe wote, aoshe mabanda, akae bila mifugo, kisha aanze upya, kama wafugaji wengine walivyolazimika kufanya ili kuung'oa ugonjwa huu? Au amwambie alale usingizi, hakuna neno? Kosa la upande mmoja lingemfilisi mtu bure. Kosa la upande wa pili lingeacha moto ndani ya nyumba ya makuti.

Dalili ya kwanza iliyotegemewa ilikuwa damu. Wataalamu waliotesha vijidudu katika sahani zenye lishe iliyogandishwa na kutiwa damu. Vile viovu viliiyeyusha damu kwa nguvu, vikaacha duara safi pande zote. Vile visivyodhuru viliiyeyusha kwa udhaifu, vikaacha kivuli tu. Mwaka 1979 Kinyon na Harris wakavitenga hivi vya pili na kuvipa jina lao wenyewe, Treponema innocens. Neno hilo innocens ni la Kilatini, na maana yake ni asiye na madhara, asiye na hatia. Sijui kama kuna hukumu nyingine ya kuachiliwa huru iliyoandikwa ndani ya jina la mwachiliwa!

Walakini njia ya sahani ilikuwa na kasoro zake. Ilichukua siku kadhaa, na siku kadhaa ni nyingi katika banda lenye ugonjwa. Kijidudu kikifa njiani kabla ya kufika maabara, sahani ilibaki tupu, na utupu huo ukadhaniwa kuwa usalama. Tena mpaka kati ya nguvu na udhaifu ulitegemea jicho la mtazamaji. Ilitakiwa alama isiyotegemea sura wala tabia, alama ambayo kijidudu hakiwezi kuivua kama mtu avuavyo kanzu.

Alama hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya kijidudu chenyewe. Kila kiumbe hai, kuanzia mbuyu mpaka kijidudu, kina maandiko ya urithi yanayoitwa DNA. Mwaka 1953 Watson na Crick walieleza umbo lake, kwamba ni nyuzi mbili zilizosokotana, zenye herufi za aina nne tu: A, T, G na C. Herufi ya uzi mmoja hushikana na mwenzake wa uzi wa pili, A na T, G na C, na haikosei mwenziwe ila kwa nadra. Kipande cha maandiko chenye agizo kamili huitwa jeni. Sura ya kijidudu ni kama nguo, na tabia yake ni kama kazi aifanyayo mtu. Lakini DNA ni ukoo wake.

Njia ya kwanza ya kuuliza ukoo ilikuwa ya joto. Ukipasha DNA moto, nyuzi zake mbili huachana. Ikipoa hutafutana na kushikana tena. Basi ukichanganya nyuzi za kijidudu kimoja na nyuzi za kingine, zitashikana kwa kadiri ya undugu wao. Mwaka 1978 Miao, Fieldsteel na Harris walitumia njia hii, wakaona kwamba kijidudu kiovu cha nguruwe na kile kinachofanana nacho havikushikana ila kwa sehemu ndogo. Mapacha wale hawakuwa mapacha kamwe! Walikuwa jamaa wa mbali waliovaa nguo za namna moja. Tena ilidhihirika kwamba hawakuwa na undugu wa kuonekana na kijidudu cha kaswende, ingawa kwa ajili ya sura yao walikuwa wamepewa jina la jamii moja nacho, Treponema.

Ndiyo sababu jina likabadilika, na likabadilika tena. Mwaka 1991 vijidudu hivi vilihamishwa katika jamii mpya iliyoitwa Serpula. Mara ikakumbukwa kwamba kuna uyoga wenye jina hilo tangu zamani, hivyo mwaka 1992 likafanywa Serpulina. Mwaka 1997, baada ya undugu kuchunguzwa zaidi, ikaonekana kwamba ni wa jamii ya Brachyspira, na Brachyspira hyodysenteriae ndilo jina mpaka leo. Usiwacheke wataalamu kwa kubadili majina. Anayerekebisha kosa lake hadharani ana heshima kuliko anayelishika ili asionekane amekosea.

Undugu ulipopimwa hivyo, wengine wakafichuliwa. Mwaka 1996 kilitambuliwa rasmi kijidudu kiitwacho sasa Brachyspira pilosicoli, ambacho huleta kuhara kusikokuwa kukali sana. Hujichomeka kwa ncha moja katika ngozi ya ndani ya utumbo, kikasimama pamoja na wenzake kama vinyweleo, na jina lake linatokana na sura hiyo. Huyeyusha damu kwa udhaifu, kama wale wasio na hatia. Basi ile sahani ya damu ingeliweza kumwachilia kama mtu mwema.

Lakini kupima nyuzi kwa joto kulihitaji vijidudu vingi na mikono ya ustadi. Kilichoifanya elimu hii ifike kwa mfugaji ni uvumbuzi uitwao PCR. Aliyeuwaza ni Kary Mullis, Mmarekani, mwaka 1983, na mwaka 1993 alipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake. Nakuomba uufuate kwa makini, kwa sababu ni rahisi kuliko unavyosikika. Kwanza DNA hupashwa moto kufika nyuzi joto 95 hivi, nyuzi zake zikaachana. Kisha hupozwa, na vipande viwili vifupi vilivyotengenezwa na binadamu hutafuta mahali pa kushikana. Vipande hivyo vimeandikwa kwa herufi zinazolingana na jeni la mkosaji peke yake. Wasipomkuta, hawashiki popote. Vikishika, kimeng'enya hunakili sehemu iliyo kati yao katika joto la 72 hivi. Kimeng'enya hicho hakiharibiwi na moto, maana asili yake ni kijidudu kilichopatikana na Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze katika chemchemi za maji ya moto za Yellowstone, Marekani, miaka ya 1960. Moja imekuwa mbili. Mzunguko unarudiwa: mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Chukua kalamu ujaribu mwenyewe. Baada ya mizunguko 30 utapata zaidi ya nakala milioni 1,000 kutoka nakala moja. Mnong'ono wa kijidudu kimoja umekuwa kelele ya umati.

Tangu miaka ya 1990 njia hii ilitumiwa kumtafuta Brachyspira hyodysenteriae. Mwaka 2003 La, Phillips na Hampson, wa Chuo Kikuu cha Murdoch katika mji wa Perth, Australia, walieleza jinsi ya kuwatafuta wakosaji wawili, hyodysenteriae na pilosicoli, katika chombo kimoja kwa wakati mmoja. Jibu lililongojewa kwa siku nyingi likaweza kupatikana kwa siku moja au mbili.

Jeni zilieleza pia kwa nini dawa zilikuwa zikishindwa. Mwaka 1999 Karlsson na wenzake wa Sweden walionyesha kwamba kijidudu hiki huweza kuishinda dawa iitwayo tylosin kwa sababu ya badiliko la herufi moja tu katika sehemu moja ya maandiko yake. Herufi moja, msomaji! Kila mara dawa inapotolewa kwa kundi lisilo na ugonjwa, au kwa kumshuku kijidudu asiye na hatia, walio dhaifu hufa na wenye herufi hiyo hubaki na kuzaana. Kwa hiyo hukumu isiyo ya haki haimwumizi mfugaji mmoja peke yake. Humharibia dawa na jirani yake.

Ungedhani sasa kwamba baraza limepata hakimu asiyekosea. Sikiliza yaliyotokea. Kuelekea mwaka 2010 wafugaji wa Kanada na Marekani walianza kuwaona tena nguruwe wakihara damu na ute. Kinyesi kilipelekwa maabara, kikapimwa kwa PCR ya hyodysenteriae, na jibu likaja: hayupo. Nguruwe waliendelea kuhara. Je, kipimo kilisema uwongo? Hakikusema. Kiliulizwa, "Je, fulani yumo?" nacho kikajibu kweli kwamba fulani hayumo. Hakikuulizwa kama yumo mwingine. Anayebisha hodi kwa jina moja tu huitikiwa na mwenye jina hilo peke yake.

Hapo wataalamu walirudia zile njia za wazee wao. Waliotesha vijidudu katika sahani za damu, na sahani zikaonyesha damu iliyoyeyushwa kwa nguvu. Wakasoma jeni zake, wakaona ni ukoo mwingine kabisa. Mwaka 2012 Chander na wenzake walipendekeza uitwe Brachyspira hampsonii, kwa heshima ya yule Hampson wa Perth aliyetumia miaka mingi kuwachunguza vijidudu hawa. Mwaka 2013 wataalamu wa Saskatchewan, Kanada, waliwapa nguruwe wazima kijidudu hicho, wakapata ugonjwa usioweza kutofautishwa na ule wa zamani. Sheria ya Koch, iliyokuwa na umri wa miaka 130 hivi, ilikuwa bado inahukumu.

Na jambo la mwisho ni la ajabu zaidi. Mwaka 2009 Bellgard na wenzake huko Australia walitangaza maandiko yote ya urithi ya Brachyspira hyodysenteriae, herufi takriban milioni 3, pamoja na kiduara kidogo cha DNA chenye herufi kama 36,000, kiitwacho plasmidi. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya hyodysenteriae wana ukoo ule ule kabisa, lakini hawawaumizi nguruwe sana, na wengine wao wamekosa jeni fulani za kile kiduara. Basi hata ukoo hautoshi kumhukumu mtu. Kuna mwana wa nyumba mbaya asiyebeba silaha. Swali limeendelea kusogea: zamani liliulizwa, "Una sura gani?" kisha, "Wafanya nini?" kisha, "Wewe ni wa ukoo gani?" na sasa linaulizwa, "Umebeba nini mkononi?"

Kijana msomaji, huenda kwenu Kiambu au Busia mna banda la nguruwe, na huenda siku moja utakuwa daktari wa mifugo utakayeingia humo na chupa ndogo ya kuchukulia kinyesi. Au huenda hutamgusa nguruwe maisha yako yote, lakini utakuwa hakimu, mwalimu, karani au mzazi. Katika kazi zote hizo utaletewa wawili wanaofanana, na watu watakuhimiza ukate shauri upesi. Mwanafunzi mmoja wa darasa amevunja dirisha. Je, utalipiga darasa zima marufuku ya kucheza? Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, na baadaye nikagundua kwamba aliyevunja dirisha hakuwa hata wa darasa lile. Watoto wale waliniamkia kwa adabu asubuhi iliyofuata, nami sikuweza kuwatazama machoni.

Tangu siku ile nimekipenda kisa hiki cha vijidudu. Watu walitumia miaka mia kumtenga mwovu mmoja na wanaofanana naye, na walipokuwa njiani wakakumbuka kumwandikia asiye na hatia jina lake. Kama kijidudu kisichoonekana kwa macho kilistahili uangalifu huo, mwenzako anayeketi dawati la pili anastahili zaidi.